Mwaka Huu Kiti Kibaki Ndani

"Finya, mama! Finya kama una hasira na mimi!"

Filister alifinya. Mkanda wa kupimia presha ulikuwa umekunjwa na kutiwa pumzi kidogo, ukajaa kiganja chake cha kulia, na mbele yake, ndani ya mrija wa kioo, zebaki ikaanza kupanda. Aliujua mrija huo kuliko anavyozijua sura za wifi zake. Mara ya kwanza alipofika kwenye kliniki hii ya mjini Migori, Septemba iliyopita, zebaki ilifika sitini ikagoma. Desemba ikafika tisini. Leo ilipita tisini bila hata kusalimia, ikapita mia, ikapita mia na ishirini, naye Filister ameuma meno, macho yamemtoka, kitambaa cha kichwa kimemteleza hadi sikioni.

"Mia moja themanini!" Ryoba alipiga kofi mezani. Ryoba ndiye aliyekuwa tabibu wa viungo pale, kijana wa Kikuria mwenye sauti kubwa kuliko chumba chake. "Ule wa kushoto sasa!"

Wa kushoto ukafika mia na sabini.

"Hii mkono imeamka, daktari," Filister alisema huku akihema. "Si umeona? Imeamka!"

Ryoba hakutaka kusherehekea kabla ya wakati. Alimbonyeza kifundo kimoja kimoja, vidole, viwiko, magoti, akihesabu kimoyomoyo. Septemba alihesabu vifundo kumi na tisa vilivyovimba, na Filister alilia kwa kila kimoja. Leo alifika kwenye kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto na hakuwa amehesabu hata kimoja.

"Na asubuhi? Vidole inakaa muda gani ndiyo ifunguke?"

Hapo Filister alijivuna kidogo, maana hesabu hiyo alijifanyia mwenyewe. Saa ya nyumbani kwake ilikuwa na tabia zake, kwa hiyo Ryoba alimfundisha kupima kwa redio. Zamani taarifa ya habari ya saa kumi na mbili ilimkuta vidole vimekaza, ikaisha, vikaja vipindi vya shule, vikaja vya wakulima, naye bado hajaweza kujifunga kifungo kimoja cha gauni.

"Siku hizi huyo mtu wa redio hajamaliza mambo ya Bunge, mimi nimeshafunga vifungo zote tano."

Ryoba aliandika kitu kwenye kadi, akakipigia mstari chini. "Sikiza, mama. Hatusemi umepona. Hii ugonjwa ya viungo haiendi kwao hivi hivi. Lakini leo naandika hapa kwamba imelala."

"Inalala mpaka lini?"

"Wengine miaka na miaka. Wengine msimu moja, halafu inaamka tena. Siwezi kukudanganya."

"Msimu moja!" Filister alishuka kutoka kwenye kitanda cha kupimia kwa miguu yote miwili, tena bila kushikwa. "Daktari, mimi niliomba Mungu asubuhi moja tu. Wewe unanipa msimu?"

Alicheka hadi mgonjwa aliyekuwa akingoja nje akachungulia. Ryoba naye akacheka, kisha akamwinulia kidole. Vidonge ni vilevile, vile vinne vya manjano kila Jumatano, na asithubutu kumeza siku nyingine hata ajisikie vipi. Damu ipimwe kila baada ya mwezi. Na jembe?

"Shika," alisema Ryoba. "Lakini lima kama mtu anataka kulima kesho tena. Umenisikia?"

Filister alisema amesikia. Hakuwa amesikia. Dirishani alikuwa ameona wingu, jeusi kabisa, limetandaza mgongo wake kuelekea kwao, na moyo ulikuwa umeshatangulia nyumbani.

Ili mtu aelewe haraka yake, ajue kwanza kwamba Filister alikuwa mikayi, yaani mke wa kwanza katika boma la mzee Elijah, nje kidogo ya soko la Kosele. Katika boma kama hilo mvua ikinyesha hakuna anayekurupuka na mbegu zake. Mikayi ndiye anayefungua shamba. Akishapanda yeye, ndipo apande mke wa pili, na baada yake ndipo wapande wana na wake zao. Mikayi akichelewa, boma zima linakaa na mbegu debeni na kutazama majirani wakichafuka matope. Ndivyo walivyofanya waliotangulia, na hakuna aliyetamani kuwa wa kwanza kuvunja mwiko huo.

Sasa mtu huyo anayengojwa na boma zima akiwa hawezi kushika kijiko, inakuwaje? Ilikuwa hivi. Mwaka wa kwanza wa ugonjwa walimshika mabega akajikongoja. Mwaka wa pili mzee Elijah alibeba kiti cha sebuleni, kile chenye kitambaa cha kufuma, akakiweka kando ya shamba. Susana, mke wa pili, akachimba mashimo, na Filister akadondosha mbegu akiwa ameketi. Mwaka jana vidole havikuweza hata kubana punje. Walimmiminia mahindi kwenye kiganja kilicho wazi naye akakiinamisha, punje zikaanguka zilikoanguka. Hakuna aliyemcheka, na hilo ndilo lililomuumiza. Walikuwa wapole mno, wakamsifu kama mtoto aliyejifunza kunawa.

Mwaka huu, huo wa tisini na sita, mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa kuwa Susana alikuwa na mimba ya miezi saba na hakuweza kuinama. Jacktone, kifungua mimba wa Filister, alishauri kwa nia njema kabisa kwamba mkewe Bathsheba achimbe kwa niaba ya mama. Filister alimtazama mpaka kijana akaangalia viatu vyake.

"Mwaka huu kiti kibaki ndani," alisema. "Nitachimba mwenyewe."

Aliyasema hayo wiki mbili kabla ya kwenda Migori. Alijitapa kwa mkopo, na mashahidi walikuwa wengi.

Jumatano hiyo jioni alipofika nyumbani, matone ya kwanza yalikuwa yanapiga mabati. Aliingia bomani akiimba. Alimwambia kila mtu habari ya mia moja themanini, hata waliokuwa hawajui ni mia moja themanini ya nini. Na kwa kuwa mikono ilikuwa imeamka, akaona aionyeshe kazi. Alikamua ng'ombe. Alisugua masufuria yote kwa jivu, yakiwemo yaliyokuwa safi. Alisonga ugali wa watu tisa, akamfukuza Bathsheba aliyekuja kumsaidia mwiko. Alifua shuka mbili akazikamua mwenyewe, akasimama kuyatazama maji yakichuruzika, akatokwa na machozi kwa furaha.

"Nyar Lambwe, pumzika," mzee Elijah alimwambia. Hilo la binti wa Lambwe, alikozaliwa, ndilo jina alilomwitia tangu alipomwoa.

"Nimepumzika miaka mitatu!"

Mvua ilinyesha kwa nguvu. Mzee alilala nyumbani kwa mikayi, kama desturi inavyotaka usiku wa kuamkia kupanda, na mengine hayatuhusu.

Asubuhi Filister aliamshwa na harufu ya udongo uliolowa. Alitabasamu kabla ya kufumbua macho. Akanyoosha mkono kuwasha redio, na mkono ukakataa.

Vidole vilikuwa vimekaza. Vyote, vya mikono yote miwili, vimejikunja kama vilivyokuwa Septemba. Alibonyeza redio kwa kiwiko. Mtangazaji akasoma muhtasari wa habari, na Filister akakaa kitandani, amejiwekea mikono mapajani, akiitazama kama watoto waliomwaibisha mbele ya wageni. Lima kama mtu anataka kulima kesho tena. Sasa ndipo alipoyasikia maneno ya Ryoba, tena kwa sauti yake kubwa ileile. Shuka mbili! Nani alimtuma kukamua shuka mbili?

Mambo ya Bunge yakasomwa, yakaisha. Vidole havikusikia. Zikaja habari za nchi za mbali, zikapita. Nje kulikuwa na sauti za watu. Jacktone alikuwa ananoa jembe, na ng'ambo ya ua majirani walikuwa wameshaanza kuitana shambani. Filister aliogopa kwa namna ambayo hakuwahi kuogopa alipokuwa mgonjwa kabisa, maana wakati ule hakuwa na cha kupoteza.

Mzee Elijah aliinuka. Aliitazama mikono ya mkewe, akaenda sebuleni. Filister akasikia mguu wa kiti ukikwaruza sakafu.

"Wuon Jacktone," alimwita mumewe, yaani baba Jacktone. "Rudisha hicho kiti."

"Nilitaka tu kiwe karibu."

"Kirudishe. Niletee maji ya moto, yale ya chai."

Alichanganya maji na ya baridi kidogo, akatumbukiza mikono hadi viwikoni, kama Ryoba alivyomfundisha. Redioni yalikuwa yameanza matangazo ya vifo. Filister alisikiliza majina ya marehemu wa Siaya, wa Kisii, wa Suba, akiwaombea mmoja mmoja na huku akijaribu kidole kimoja kimoja ndani ya maji. Kidole gumba kikasogea. Marehemu mwingine, wa Rongo, akiacha wajane wawili. Kidole cha kati kikanyooka. Kabla tangazo la mwisho halijaisha, alitoa mikono kwenye maji, akaikunja ngumi, akaikunjua, akaikunja tena.

"Haya," aliiambia. "Tusigombane tena."

Kifungo cha kwanza cha gauni kilimchelewesha. Cha pili kilikuwa na adabu. Alipofunga cha tano alipiga kigelegele peke yake chumbani, mzee akamwaga chai.

Walikuwa wamesimama kando ya shamba, wote, na mbegu zao. Filister alifika akiwa mikono mitupu, ndipo akakumbuka kwamba jembe lake halijaguswa kwa miaka mitatu na huenda mpini umeshaliwa na mchwa. Kabla hajauliza, Susana alijitokeza, tumbo mbele, akiwa amelishika jembe hilohilo. Mpini ulikuwa mpya. Tena ulikuwa umefungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, tabaka juu ya tabaka, ukawa mnene kama mkono wa mtoto.

Filister aliupokea. Ulijaa kiganjani wala haukudai akaze sana vidole.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi, nyieka," alisema Susana. Hilo ndilo neno la Kiluo ambalo wake wenza huitana kwalo. "Niliona kijiko chako ulivyokifunga kitambaa kiwe kinene. Nikasema jembe nalo ni kijiko kikubwa."

"Lini?"

"Januari."

Filister alihesabu. Januari yeye mwenyewe alikuwa bado anafungwa kitambaa cha kichwa na watu. Na Januari hiyohiyo, aibu ilimpata kukumbuka, alikuwa anamnyooshea Susana kidole moyoni, akidhani anangoja tu kuurithi umikayi, mwenyewe Filister akiwa angali hai.

"Na kama daktari angesema haiwezekani?"

"Ningefungua tyubu nirudishe kwenye baiskeli," alisema Susana, na watu wote wakacheka, hata Jacktone.

Filister aliinua jembe. Halikwenda juu sana, lakini lilikwenda. Likashuka, likazama, udongo mweusi ukafunguka na kutoa mvuke kidogo. Shimo! Akabana punje tatu kwa kidole gumba na cha shahada, akazidondosha, akafukia kwa mguu. Bathsheba akapiga kigelegele kilichojibiwa na majirani. Shimo la pili. La tatu. Jasho lilimtoka, mabega yakauma maumivu mazuri, ya kazi, maumivu ambayo alikuwa ameyasahau na ambayo angeweza kuyabusu. Alifika mwisho wa mstari mmoja akageuka kuanza wa pili, na jembe lilikuwa tayari hewani alipolisimamisha.

Kesho tena.

Alilishusha taratibu. Kuliweka chini kulimwia vigumu kuliko kuliinua, lakini alifanya hivyo mwenyewe, bila kuambiwa na mtu.

"Jacktone," alisema. "Niletee kiti."

Bathsheba akaangalia chini. Mzee Elijah akapiga hatua kuja kumshika mkewe, naye akamwashiria asubiri. Jacktone alikileta kiti akakiweka pale kilipokuwa kikiwekwa siku zote. Filister alikinyanyua kwa mikono yake miwili, akatembea nacho polepole hadi kwenye shamba la mke wa pili, lile linalofuata kwa zamu, akakikita kwenye udongo uliolowa.

"Nyieka, kaa."

"Mimi?"

"Unataka mtoto azaliwe shambani? Kaa. Shimo la kwanza nakuchimbia mimi. Moja tu. Mengine atachimba huyu Jacktone aliyekuwa na haraka ya kunitafutia mchimbaji."

Susana aliketi, kiti kikalia. Filister alichimba shimo moja mbele ya miguu yake, zuri, la kina cha kutosha. Kisha akachota mahindi debeni.

"Lete mkono," alisema.

Susana akafungua kiganja, na Filister akamhesabia punje, moja, mbili, tatu, akibana kila moja kwa vidole viwili.