Alama Kumi za Mashine ya Kwanza

Saa nne na dakika kumi asubuhi, mashine ya kwanza iliwaka. Dada mtu, fundi wa mashine za gemu, alifuta mikono kwenye aproni, akamsogezea mdogo wake padi ya kuchezea iliyopauka.

Mdogo wake alikuwa mhakiki wa gemu gazetini. Jioni hiyo alitakiwa kupeleka makala yenye dai moja: kwamba gemu ambazo kampuni iliyounda mashine hiyo inazitunga yenyewe zimeshuka ubora, tangu mashine yake ya kwanza hadi ya tano, iliyo sokoni sasa. Ushahidi wake ulikuwa daftari. Tangu ana miaka kumi aliipa kila gemu alama siku aliyoimaliza, na hakuwahi kufuta hata moja. Mhariri alikuwa ameshaitangaza makala ukurasa wa mbele.

Hapa, kwenye karakana ya dada yake, alifuata picha tu ya gemu aliyoipa alama kumi utotoni.

"Ya kale ni dhahabu," alisema.

"Hayo mwambie sonara. Cheza."

Alicheza dakika arobaini. Daraja lilelile lilimwangusha mara kumi na moja, na kila akianguka alirudishwa mwanzo kabisa. Hatua ya tatu ilikuwa ileile ya kwanza, imebadilishwa rangi tu. Akaweka padi chini.

"Ngapi?"

"Sita. Ile kumi niliitoa nikiwa mtoto."

"Na alama za juu ulizoipa mashine ya tatu? Si ulikuwa na ndevu tayari?"

Dada alilivuta daftari, akaweka kidole kwenye safu ya mwisho, ambayo mhakiki aliichora mwenyewe: idadi ya wachezaji. Wawili, wawili, wawili, hadi mwisho wa mashine ya tatu. Kisha mmoja, mpaka ukurasa wa mwisho. Alama zilianza kushuka ukurasa uleule, mwezi ambao dada aliolewa akahama.

"Mwamba ngoma huvutia kwake," dada alisema. "Ulikuwa unapima kampuni au unanipima mimi?"

"Usijisifu, dada. Wewe ulikuwa unashindwa kila siku."

"Ndiyo maana ulikuwa unafurahi."

Mhakiki hakucheka. Sadfa si ushahidi, ilibidi apime. Akatoa gemu mpya kabisa ya kampuni hiyo, aliyoipa tano mwezi uliopita, wakacheza wawili hadi saa nane. Dada alitumbukia mashimoni, akalaani, akamsukuma bega. Ndipo mhakiki alipoona kwamba kila mlango humsubiri mchezaji anayechelewa, na kwamba kila chumba kimepimwa kwa hatua za watu wawili. Peke yake asingeweza kuliona hilo.

Gemu moja haithibitishi kwamba ubora umepanda. Kulivunja dai lake, ilitosha.

Alimpigia mhariri simu. "Makala siileti. Vipimo vyangu vina kasoro."

"Tumeshaitangaza!"

"Najua."

"Na nafasi yako hapa, unajua itakuwaje?"

"Najua pia."

Simu ikakatwa upande wa pili. Saa nane na dakika ishirini alifungua daftari, akapiga mstari juu ya ile tano, akaandika nane pembeni yake, na kwenye safu ya mwisho akaandika: wawili.