Nesi Aliyekuja Mapema

Loth aliposikia maneno "tiba shufaa", alinyanyuka kwenye benchi la hospitali. Aliyajua tangu mama yake alipougua saratani. Nesi wa tiba hiyo ya kupunguza maumivu alifika nyumbani kwao Chala na chupa ya dawa, na siku ya tisa wakachimba kaburi. Sasa nesi mwingine, Jasmin, binti wa Majengo hapa hapa Sumbawanga mjini, amevuta kiti mbele ya mkewe Hellena, wakati wamebakiza siku mbili tu wasafiri kwenda Dodoma. Huko madaktari wangevuna seli za uboho wake, ute ulio ndani ya mifupa, wampe dawa kali ya kuua saratani, kisha wamrudishie seli zake.

"Mke wangu hafi," Loth alisema. "Anakwenda kutibiwa."

"Ndiyo maana nimekuja sasa, baba. Matibabu yenyewe ni magumu, kwake na kwako. Hatungoji mtu azidiwe."

Loth alimshika mkewe mkono, wakatoka. Lakini Hellena alikuwa ameshaichukua namba ya Jasmin.

Dodoma, siku ya nane baada ya kurudishiwa seli, mdomo wa Hellena ulichubuka wote ndani, hata mate hayamezeki. Daktari akipita kumuuliza hali, Hellena anaitikia kwa kichwa kwamba hajambo. Loth alimletea uji wa ulezi.

"Kunywa, Mama Evaristi. Jitahidi kidogo. Unataka kuniacha?"

Hellena aligeukia ukutani. Mabega yakawa yanatikisika. Baadaye alimsogezea simu yake, ikiwa imefunguliwa kwenye jina la Jasmin.

Loth alipiga akiwa kwenye ngazi, kwa aibu. Jasmin hakumkumbusha lolote.

"Daktari anajua kwamba anaumia?"

"Hellena amenikataza nisiseme. Anaogopa watasitisha matibabu."

"Hawasitishi, baba. Nenda ukawaambie sasa hivi, kisha unipigie."

Daktari aliagiza mofini ya maji, dawa ya maumivu makali. Loth aliitambua ile chupa. Akarudi kwenye simu.

"Ndiyo hiyo hiyo aliyopewa mama yangu!"

"Mama aliuawa na saratani, baba, si dawa. Dawa ilimpunguzia maumivu, tena huenda ilichelewa kumfikia." Kisha Jasmin akauliza, "Na wewe, leo umekula nini?"

Loth alitaka kusema yuko salama. Badala yake alikaa kwenye ngazi akalia, watu wakipita na vyombo vya chakula. Akamweleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia hata katekista wao: kila asubuhi anaogopa kufika kitandani, asije akakuta maiti, na siku nyingine anamkasirikia Hellena kwa kuugua.

"Wauguzaji wengi wananiambia hivyo hivyo," Jasmin alisema. "Haina maana kwamba humpendi. Sasa nenda ukale. Kesho nitakupigia."

Jioni ile Hellena alimeza vijiko sita vya uji. Kesho yake Jasmin alipiga kweli, na kesho kutwa pia.

Walirudi Chala baada ya wiki saba. Madaktari walisema ugonjwa umetulia, ila unaweza kurudi, na wote wawili walielezwa hivyo bila kufichwa. Mwezi uliofuata Jasmin alipanda basi kutoka Sumbawanga kuja kuwaona. Alipomaliza habari za usingizi na hamu ya kula, aliuliza, "Mama, kwa sasa ni kitu gani kinachokusumbua zaidi?"

Hellena alipapasa nywele zake zilizoanza kuota. "Huyu," alisema, akimwonyesha Loth. "Tangu turudi analala sebuleni. Ananichungulia mlangoni kama mgeni."

"Naogopa kukuambukiza ugonjwa, na kinga yako bado ndogo!" Loth alisema.

"Daktari alikukataza?" Jasmin aliuliza.

"Hapana. Niliogopa tu mwenyewe."

"Basi nawa mikono, na ukipata mafua jitenge. Vinginevyo rudi chumbani, baba."

Hellena alicheka, akashika mbavu. Mchana ule ule Loth alibeba godoro lake, na Hellena, ameegemea mlango, alimwelekeza pa kuliweka.