Kilichotoka Tumboni mwa Poni

Uvimbe, walidhani. Hata Daktari Candia, aliyekwisha pasua nusu ya matumbo ya Arua, alidhani ni uvimbe tu. Alipoutoa, wote chumbani mwa upasuaji wakasogea kuangalia. Ni mtoto, amejikunja, mgumu kama jiwe. Miaka tisa alikaa humo, nje ya mfuko wa uzazi, mwili wa mama yake, Poni, ukimfunika kwa chokaa yake.

Daktari alimpiga picha mtoto, akamshona mama, akatoka mbio kuwapigia simu wenzake. Nesi Hajara akabaki na ndoo alimowekwa mtoto. Bibi yake alimfundisha kwamba mzazi haonyeshwi kiumbe cha namna hiyo, ukimpenda, unamfichia. Basi akamfunika mtoto kwa kitambaa, akamsomea dua, akampeleka mwenyewe kwenye tanuri la kuchomea taka. Akarudi moyo mweupe. Wema gani huo usiouliza?

Mchana Poni alipozinduka, Hajara alimweleza polepole kilichokuwa tumboni. Alitarajia kilio. Poni akacheka, machozi yakimtiririka.

"Sista, basi mimi si muongo! Wakati ya kukimbia vita nilipotezana na Lomoro, bwana yangu. Uchungu ilikuja njiani, ikaisha, mtoto hakutoka. Tulipokutana Omugo, kambi ya wakimbizi, watu yake wakasema nilitupa mtoto porini nipate kukimbia. Wakachukua binti zangu mbili. Pigia yeye simu. Iko Koboko. Akuje aone na macho yake, atarudisha watoto."

Hajara alipiga simu. Maji yalikuwa yamekwisha mwagika, na hakuwa na ujasiri wa kumwambia Poni kwamba mtoto amekwisha chomwa.

Lomoro alifika asubuhi ya pili, hakuketi.

"Iko wapi?"

Ikabidi Hajara aseme, mbele ya Poni. Daktari Candia akatoa simu, akaonyesha picha, akaeleza mpaka akatokwa jasho. Lomoro aliitazama sana.

"Daktari, hii inaweza kuwa ya mutu yeyote. Wazee wataniuliza kaburi iko wapi. Nitawaonyesha simu?"

Akaondoka. Hakuwataja binti zake.

Hajara alipiga magoti kando ya kitanda. Aliona aibu mpaka kichwa kikamuuma.

"Mama, nisamehe. Nilitaka usiumie."

Poni hakumtukana. Aliweka mkono juu ya bandeji.

"Sista, wewe ulimushika. Ilikuwa kijana ama musichana?"

 Hajara alikuwa amemfunika mtoto haraka mno, hakutazama.