Volkano na Jicho Kavu

Mshona mapazia alisifika mtaani kwa mambo mawili: mkono mwepesi na jicho kavu. Mumewe alipozikwa hakudondosha hata tone. Alipanga viti, akasimamia chai, akawakazia macho waliolia kwa sauti kubwa kuliko undugu wao. Tangu siku ile wifi yake, dada wa marehemu, alimsalimu kwa mdomo tu.

Basi wifi alipomletea tiketi ya sinema, alijua kuna jambo.

"Ya mapenzi na volkano," wifi alisema. "Watu wanatoka macho yamevimba. Nataka nione wewe utatokaje."

"Nitatoka na njaa, wifi yangu."

Mlima ulianza kutema moto wapendanao walipobusiana tu, kwa adabu zote, kana kwamba ulikuwa ukingoja wamalize. Mji ukateketea. Maelfu walikufa bila mtu kuwauliza majina, maana ukumbi mzima ulikuwa na kazi ya kuwaombea wawili wenye meno meupe.

"Jivu limefunika mji, nywele zake hata hazijatimka," mshona mapazia alinong'ona, mnong'ono wa kusikika hadi mlangoni.

"Nyamaza, mama!" akasema mtu wa nyuma, kwa kwikwi.

"Pole, baba. Umefiwa?"

Hatimaye likaja daraja, likaanza kukatika; madaraja ya filamu hayajengwi kwa ajili ya kuvukia. Binti akasita. Bwana akamsukuma kidogo, akasema, "Tangulia. Nakuja."

Basi. Maneno ya kila siku, hata mtoto angeyatunga. Lakini ndiyo mshona mapazia aliyoambiwa na mumewe asubuhi ile ya mwisho, akitafuta kiatu chini ya kitanda. Naye alitangulia dukani, akafungua, akakunjua vitambaa, akanuna kwa kuchelewewa, mpaka jirani alipokuja mbio kumwita.

Kilichomtoka kifuani kilikuwa kama turubai linalopasuliwa. Watu wakageuka. Hata yule wa kwikwi alinyamaza, nadhani kwa wivu.

"Kaka yangu hukumlilia," wifi akafoka, "unamlilia huyu aliyepakwa masizi!"

"Alisema anakuja," mshona mapazia akajibu. "Nikamnunia, wifi. Asubuhi nzima namnunia, kumbe mwenzangu kashakufa."

Wifi akavuta ncha ya mtandio wake, akampangusa uso, kisha akajipangusa wa kwake kwa ncha ileile. Kule mbele bwana alikuwa anatumbukia motoni, polepole, kwa vinanda. Mawifi wawili hawakumwona.

Nje jua lilikuwa bado kali. Wakasimama kwenye ngazi, nyuso zimevimba kama waliogombana na nyuki.

"Filamu mbovu," mshona mapazia akasema.

"Mbovu kupindukia. Jumamosi wanaionyesha tena."

"Saa ngapi?"