Jina Lake Lilikuwa Maziwa

Mwalimu Tryphosa alifika Mweiga na keki mkononi na furaha tele moyoni. Juma lililopita alikuwa amesimama mbele ya wasomi mjini Nyeri kueleza jinsi alivyomfundisha msichana mwenye usonji kusalimia watu, na wasomi wale, ambao hata chai huinywa wamenuna, wakampigia makofi. Sasa alikuja kumshukuru Murugi, mama aliyekubali bintiye ashiriki katika utafiti huo.

Na kusema kweli, kazi ilikuwa imefanyika. Zamani Ngendo, msichana mzima, alikuwa akimkaribia mtu yeyote sokoni, anamwekea pua begani na kumnusa. Wanawake walimsukuma. Wanaume wengine hawakumsukuma, na hao ndio waliomkosesha mama yake usingizi. Siku hizi Ngendo alisimama mbali kidogo, akanyoosha mkono, akasema, "Habari ya asubuhi."

Ila zamani hizo mama alikuwa na salamu yake peke yake. Kila asubuhi Murugi aliporudi kutoka kukamua ng'ombe, Ngendo alikinusa kitambaa chake cha kichwa, akacheka, akasema, "Maziwa." Hakuwahi kusema mama. Maziwa ndilo lilikuwa jina, na hakumwita nalo mtu mwingine yeyote.

Tryphosa alilijua hilo tangu mwanzo. Hilo ndilo lililokuja kumuuma roho baadaye, mpaka leo. Murugi alikuwa amemwomba, "Hiyo moja si uniachie, mwalimu?" Lakini kwao Tryphosa, huko Bungoma, mtoto humwita mama yake mama, basi. Isitoshe, alitaka matokeo safi. Akajibu kwamba Ngendo akiruhusiwa kumnusa mmoja atawanusa wote. Akamwagiza: akisema maziwa, mgeuzie mgongo, ungoje. Akisema habari ya asubuhi, mgeukie, umwambie "vizuri sana." Murugi alitii. Mwalimu akishasema, yeye ni nani apinge?

Siku hiyo ya keki, Tryphosa na Murugi walimkuta Ngendo jikoni akimenya viazi. Alipomwona mgeni aliinuka, akanyoosha mkono.

"Habari ya asubuhi, mwalimu."

Ilikuwa saa ya chai ya jioni. Ngendo alipoketi tena na viazi vyake, Tryphosa alicheka, akageuka acheke pamoja na mwenzake. Murugi alikuwa anatazama moto.

"Mama Ngendo, kuna shida?"

"Shida hakuna. Mimi nashukuru, mwalimu. Sokoni hakuna mtu anamcheka sasa." Akasukuma kuni ndani. "Lakini hapa kwangu, ati ananisalimia kama daktari ya ng'ombe. Mkono, habari, kwisha. Mimi nilikuwa na mtoto ananinusa, mwalimu. Kumbe nilikuwa tajiri na sijui."

Tryphosa aliitazama keki. Ilikuwa bado mkononi mwake, na ghafla aliona aibu kuwa nayo.

"Tutamrudishia," alisema harakaharaka. "Kilichofundishwa hufundishika tena. Wewe anza tu. Mwambie neno lake."

"Nimemwambia."

"Akafanyaje?"

Murugi alijifuta mikono, akavua kitambaa chake kilichonuka moshi na ng'ombe, akainama mbele ya bintiye na kumsogezea karibu na uso.

"Ngendo," akasema taratibu. "Maziwa."

Ngendo aliweka kisu chini. Hakukasirika, wala hakuonekana kukumbuka lolote. Aliinuka kwa utaratibu, akamgeuzia mama yake mgongo, akasimama akiutazama ukuta uliojaa masizi. Akangoja.

Maelezo ya kitaalamu Tryphosa alikuwa nayo mengi, ndiyo yaliyompatia makofi, na hakuna hata moja lililofaa kusemwa katika jiko lile. Alichotaka hasa ni kumwomba mama huyu msamaha. Maji ya chai yalichemka yakamwagikia moto, na hakuna aliyeyashughulikia.

"Anaweza kukaa hivyo mpaka ng'ombe zilale," Murugi alisema. "Lazima niseme ile yako."

Akafunga tena kitambaa chake kichwani. Akakohoa kidogo.

"Habari ya asubuhi, Ngendo."

Ngendo akageuka papo hapo, uso umechangamka, akampa mama yake mkono.

"Vizuri sana," akasema, kwa sauti ya Mwalimu Tryphosa mwenyewe.