Tonge la Mwisho Kwenye Sahani

Sahani ilirudi jikoni tupu kabisa. Hakuna punje ya wali, hakuna tone la mchuzi, na hata ule ukingo ambao watu wengi huusahau ulikuwa umefutwa kwa kidole. Fundi cherehani aliishika kwa mikono miwili, akaitazama, moyo ukamshuka. Baba mkwe wake bado ana njaa. Akapakua miiko mingine miwili, akamwagia maharage juu, akairudisha sebuleni.

"Ahsante, mwanangu," alisema mzee, akaanza upya.

Ndivyo mambo yalivyokwenda kwa miaka mitatu, mchana na jioni, na mtu asije akaniambia kwamba wawili hawa hawakupendana. Walipendana mno, ndiyo maana walikaribia kuuana.

Mzee alikuwa fundi saa. Mtaani walimwita Dakika, kwa sababu kila mteja aliyekuja kuulizia saa yake alijibiwa, "Dakika tano tu," na hizo dakika tano zilikuwa na tabia ya kugeuka wiki. Mkewe alipofariki, mwanawe wa pekee alimchukua akae kwake, yeye na meza yake, na droo zake za skrubu, na lenzi nyeusi anayoibana kwenye jicho la kulia. Meza iliwekwa kwenye dirisha moja la sebule. Kwenye dirisha la pili ilikuwapo cherehani ya mkamwana wake, ambaye hushona sare za shule. Mwana mwenyewe ni dereva wa lori la masafa marefu. Nyumbani huonekana siku nne kwa mwezi, na siku hizo hula amesimama, kijiko ndani ya sufuria, utadhani kuna mtu nje anampigia honi. Kwa hiyo mume huyu hajawahi kupakuliwa sahani, na mkewe hakupata kujua watu wa ukoo ule hufanya nini na sahani wakishiba.

Kwao fundi cherehani, aliyeshiba hubakiza. Tonge moja, vijiko viwili, kitu kidogo pembeni: hapo umemwambia mpishi, nimetosheka, Mungu aibariki mikono yako. Sahani tupu kwao ni lawama. Mgeni akimaliza kila kitu, mwenye nyumba huona haya na kuongeza mpaka kibaki. Chai nayo ni hivyo hivyo. Kikombe kinajazwa, sukari vijiko vitatu, kinajazwa tena, mpaka mnywaji akifunike kwa kiganja. Hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha haya. Aliyaona tangu akitambaa.

Na mzee hakuwahi kubakiza. Hakuwahi kufunika kikombe. Miaka mitatu yule mwanamke alilala akijiuliza, napika vibaya? Nampunja? Marehemu mama mkwe alikuwa anaweka nini ambacho mimi sikijui? Kumuuliza mwenyewe hakuthubutu. Baba mkwe utamuuliza kama mgongo unamuuma, lakini huwezi kumwambia, "Baba, mbona hushibi?" Hilo ni tusi.

Walikuwa na jambo lao dogo kila asubuhi. Kabla cherehani haijaanza kelele, mzee alimtungia sindano kumi za mkono, za kushonea vifungo, akazichoma kwa mstari kwenye kipande cha sponji. Si kwamba mkamwana alishindwa kutunga sindano. Lakini mzee alipenda kuonyesha. Uzi ulikuwa ukipita kwenye tundu mara ya kwanza, kila sindano, huku akimtania, "Nyinyi washonaji mnahangaika na uzi kama mnabembeleza mtoto."

Asubuhi moja akakosa tundu. Akakosa tena. Mara ya tano akauweka mezani.

"Uzi huu mbovu."

Akapewa mwingine. Alikuwa amegeuza kichwa, anaitazama sindano kwa jicho moja kama kuku anavyotazama punje.

"Na huu pia mbovu," akasema.

"Kweli, Baba. Nyuzi za siku hizi hazifai," alijibu mkamwana, na uzi ulikuwa ule ule wa kila siku. Mzee alipoingia kuoga, mkamwana akafunua kitambaa kilichofunika meza ya mzee. Saa za wateja kumi na moja, hakuna hata moja iliyofunguliwa. Dakika tano zile zilikuwa zimefika miezi miwili. Hakusubiri mumewe arudi. Kesho yake alimshika mzee mkono, wakaenda hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke mpole wa sauti, lakini maneno yake hayakuzunguka. Sukari iko juu sana. Imekaa juu muda mrefu, imeharibu mishipa midogo nyuma ya macho. Jicho la kushoto halitarudi.

"La kulia je?" aliuliza mzee. Ndilo jicho la lenzi.

"La kulia tunaweza kulisimamisha hapo lilipo. Dawa nitakupa, lakini dawa peke yake haitoshi. Ukiendelea kula hivi, mwakani hutaona mkono wako. Kwa siku unakula kiasi gani?"

"Ninachopewa," alijibu mzee kwa adabu.

Daktari akamgeukia mkamwana. Hakumkaripia, alimtazama tu, na lile lilitosha. Njia nzima ya kurudi nyumbani yule mwanamke alitembea macho chini. Mzee naye, masikini, alidhani amemchosha kwa foleni.

Mchana huo alipakua kama alivyoelekezwa: mboga za majani nusu ya sahani, wali kidogo, maharage kidogo. Akaipeleka sebuleni. Punde si punde ikarudi, tupu, imefutwa.

Akasimama nayo jikoni. Akiongeza, anamtoa mzee jicho. Asipoongeza, anamlaza na njaa baba wa mumewe, mtu aliyefiwa, mtu asiye na pengine pa kwenda. Mwiko alikuwa ameshauchukua. Alikaa kwenye kigoda, sahani mapajani, akaanza kulia.

Mzee akamsikia. Jikoni mwa mkamwana wake hakuwahi kukanyaga tangu aje. Siku hiyo alikanyaga. Alipapasa fremu ya mlango, akasimama pale.

"Nani kakuudhi?"

"Hakuna, Baba."

"Mtu hakai analia na sahani kwa ajili ya hakuna."

Ikamtoka yote. "Nisamehe, Baba. Miaka mitatu uko kwangu, sijawahi kukushibisha hata siku moja."

Mzee akamtazama kama amesikia habari ya nyumba ya jirani. "Kunishibisha? Mwanangu, mimi sahani ya kwanza nalegeza mkanda. Ya pili nakula huku naomba dua. Ile ya siku za sikukuu, ya tatu, sijui hata inapitia wapi."

"Sasa mbona unamaliza?"

"Na wewe mbona unaongeza?"

Wakatazamana. Halafu, polepole, kila mmoja akaeleza kwao. Kwao mzee, kubakiza ni kumwambia mpishi, chakula chako sikukitaka. Mama yake alilea watoto sita, na aliyeacha punje aliulizwa amekosewa nini. Mjomba wake mmoja alibakiza nyama ukweni, na ukwe ule ulikaa mwaka mzima bila salamu.

"Nikasema, huyu binti kanipokea na uzee wangu, ananipakulia kila siku, mimi ni nani nimvunje moyo? Nitakula. Nikadhani ndivyo mlivyo, mtu lazima apakuliwe mara mbili."

"Na chai, Baba? Si ungefunika kikombe tu."

"Nifunike kwa nini? Kuna nzi?"

Hapo ndipo kicheko kilipomponyoka yule mwanamke, katikati ya machozi, na mzee naye akacheka mpaka akashika ukuta. Walicheka vibaya, kicheko cha watu walioumia. Kilipoisha mzee akajifuta uso kwa kiganja.

"Kwa hiyo tumeheshimiana," alisema, "mpaka jicho."

Fundi cherehani alimshika mkono. Hakuwahi kumshika mkono ndani ya nyumba ile. Alimwambia, "Hili la kulia haliendi, Baba. Halitaenda nikiwa naona."

Usidhani kesho yake mambo yalikuwa rahisi. Chai bila sukari mzee aliinywa amekunja uso kama mtoto mbele ya dawa. Akajifunza kufunika kikombe. Lakini kubakiza, hilo lilimshinda. Sahani ilikuwa ndogo, alikuwa anaimaliza bado tumbo lina nafasi, na mkamwana akiiona tupu mkono wake wenyewe ulikwenda kwenye mwiko. Siku ya tatu mzee akasema, "Mimi nitabakiza. Lakini usinitazame."

Mkamwana akageukia cherehani yake, akashona mshono ule ule mara mbili. Nyuma yake alisikia kijiko kikigusa sahani, kikisita, kikirudi, kikisita. Kisha kikawekwa chini.

"Nimeshiba, mwanangu."

Kwenye sahani kulikuwa na tonge moja la wali, limesogezwa pembeni vizuri. Mkamwana alilipeleka jikoni. Alikuwa amelisubiri miaka mitatu. Alilila mwenyewe, amesimama kama mumewe, na hakuona aibu kwamba analia tena.

Miezi minne baadaye daktari alichungulia macho, akapima, akachungulia tena. La kushoto ndiyo basi. La kulia limesimama pale pale, halikupoteza kitu. Mzee aliomba aambiwe tena, akaambiwa. Zile saa ndogo za kina mama aliwapa mafundi wenzake. Yeye akabaki na saa za ukutani na zile kubwa za mkononi, na wateja bado wanaambiwa dakika tano. Sindano anatunga moja tu kwa asubuhi. Inamchukua muda, na mkamwana husubiri.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, sare zilirundikana mpaka dari, na fundi cherehani hakuwa na nafasi hata ya kukohoa. Adhuhuri akasikia sufuria zinagongana jikoni. Mzee alikuwa anapika. Mwanamume ambaye maisha yake yote hakuwahi kuinjika hata maji, alipika wali na mboga, akaja na sahani mbili, hatua kwa hatua, akipapasa njia kwa mguu.

Wali ulikuwa bokoboko na chumvi aliitia mara mbili, maana mara ya kwanza hakuiona. Fundi cherehani alikula. Alikula kijiko baada ya kijiko, akanywa maji, akala tena. Ukingo akaufuta kwa kidole. Maisha yake yote hakuwahi kufanya hivyo, na mama yake angemwona angefunika uso.

Sahani ya mzee ilikuwa na tonge limebaki pembeni. Mzee akanyoosha mkono kuchukua sahani ya mwenzake, na kwa kuwa haamini sana jicho lake, alipitisha kidole juu yake, katikati, pembeni, ukingoni. Kidole kilitoka kikavu.



"Nikuongezee?" akauliza.

"Hapana, Baba," alisema fundi cherehani. "Nimeshiba."