Simu Iliyotangulia Posa

Gari la mjukuu wangu Muzammil lina wanawake wawili ndani yake, na hakuna hata mmoja aliyetolewa mahari. Wa kwanza ni Mjapani. Huyo alikuja na gari kutoka kwao, na kila likiwashwa husema maneno yake kwa upole, nasi humwitikia salamu ingawa hatujui katuambia nini. Wa pili yumo ndani ya simu. Huyo anajua Kiswahili, na kazi yake ni kuelekeza njia. Ndiye aliyetaka kunitoa roho Ijumaa ile tulipopeleka posa Majoreni.

Mbele nilikaa mimi, kwa sababu ya magoti. Nyuma alikaa binti yangu Mwanatumu, ambaye ni shangazi yake Muzammil, na kando yake shemeji yangu, Mzee Shutu, msemaji wetu. Mzee Shutu akipanda gari hulala. Mwenyewe husema anapanga maneno. Muzammil alikuwa dereva, basi. Mposaji hafuatani na posa yake, lakini teksi ni yake na nyingine hatukupata, kwa hivyo Mwanatumu alimruhusu kwa sharti kwamba tukifika asishuke, akae mle garini kama gunia la makaa.

Palikuwa na jambo jingine zito zaidi. Abdulkadir, baba wa msichana, alikuwa amekwisharudisha posa ya watu wengine, kwa sababu kijana wao alionekana akizungukazunguka nyumba, mwenyewe Abdulkadir akiwa dukani kwake Lunga Lunga. Alisema bila kuficha kwamba kijana atakayeijua njia ya kwake kabla ya wazee wake, Nusaiba hampati. Basi Mwanatumu alimweka Muzammil kitako akamhoji. Muzammil akaapa kwamba amemwona msichana mara moja tu, arusini Msambweni, na Majoreni yenyewe haijui iko upande gani.

Mwanatumu aliamini. Mimi nilimtazama masikio. Tangu yuko mdogo chuoni kwa mwalimu wa Kurani, akisema uongo masikio yake hung'aa.

Sasa, ili shangazi yake azidi kuamini kwamba njia haijui, siku ya safari aliipachika simu yake pale mbele na kuiunganisha na redio ya gari. Yule mwanamke akawa anasema kwa spika zote, hata ile iliyo sikioni kwa Mzee Shutu. Shika barabara kuu. Endelea moja kwa moja. Mwanatumu alifurahi mno, akasema hivi ndivyo vijana wanavyotakiwa kusafiri, kwa kuuliza.

Hadi daraja la Ramisi sikuwa na neno. Tulipoiacha lami ndipo kiti kilipoanza kunichoma. Niliona Muzammil akikata kona kwanza, kisha mwanamke ndipo anamwambia kata. Palikuwa na shimo limejificha majanini, akalikwepa kabla mimi sijaliona. Muuza mahamri mmoja kando ya njia akainua mkono kulisalimia gari, naye Muzammil akapeleka mkono kwenye honi, akakumbuka, akaugeuza kuwa wa kujikuna kichwa.

Nikaitazama ile simu. Mimi shule niliiachia darasa la tano, lakini herufi kubwa hazinishindi. Pale juu, panapoandikwa mtu anakokwenda, hapakuandikwa Majoreni. Paliandikwa Nyumbani.

"Mume wangu," nikamwambia polepole, maana mjukuu wa kiume kwetu ndiye mume, "wewe umehama lini?"

Akatazama. Masikio yakang'aa mpaka ningeweza kujitazama humo nikafunga ushungi. Nikaelewa. Zamani huko, katika raha za mapenzi, alijihamishia kwa kina Nusaiba ndani ya simu, na leo mkono ulibonyeza ulipozoea. Na yule mwanamke namjua tabia yake. Akimaliza kazi hutaja mahali mlipofika, tena kwa sauti ya kujisifu.

Nikamnong'oneza amzime. Akaigusa redio, lakini redio ile imeandikwa Kijapani kitupu. Aligusa hapa, mwanamke akazidi sauti. Akagusa pale, kaswida ikalipuka. Mzee Shutu akazinduka, akadhani tumefika, akaanza kuwashukuru wenyeji kwa makaribisho mema. Mwanatumu akamwambia alale, bado.

Nikanyoosha mkono niing'oe simu yenyewe. Mwanatumu akanidaka kifundo.

"Mama, usiguse utaharibu. Humu garini mwenye adabu ni huyu peke yake."

Nikakohoa kila alipotaka kusema. Mwanatumu akanipa pipi ya tangawizi. Nikaomba nishuke nijisaidie, nikakumbushwa kwamba nilikwishajisaidia Ramisi. Nikalalamika joto, nikitumaini tutasimama kivulini, wakafungua madirisha yote manne. Hapo nikajua nimeharibu zaidi, maana sasa sauti ilikuwa na pa kutokea. Nyumba zikaanza. Muzammil alikuwa akitiririka jasho, na mimi nilikuwa nayahesabu makuti ya watu kwa kukosa la kufanya.

Tukaingia uani. Abdulkadir alikuwa amesimama mbele ya mlango na kanzu yake iliyopigwa pasi, mkewe yuko nyuma yake amebeba jagi. Nilichobakiwa nacho ni kimoja. Nikapiga kigelegele. Lakini kigelegele cha mtu asiye na meno ya mbele hakifiki mbali, kikanikatikia njiani, na pale pale kilipokatika, spika zote zikasema:

"Umefika nyumbani."

Muzammil akazima gari. Yule Mjapani akaaga.

Abdulkadir akaja hadi dirishani. Hakupandisha sauti. Aliuliza simu hii ni ya nani, na kwa nini inapaita kwake nyumbani. Muzammil alitazama mbele kama gunia la makaa. 

"Ya kijana, lakini kosa ni langu," nikasema. "Mimi ndiye niliyemshika shingo anilete. Nilitaka kumwona msichana kabla ya wenzangu. Wewe mwenyewe, mwanangu, wakati wa kumwoa huyu mkeo, mamako hakutanguliza kizee kwenda kuchungulia?"

Kila nyumba hutanguliza kizee, naye alilijua hilo. Nikaongeza kwamba kijana hakushuka, alikaa garini kama alivyokaa sasa, na simu ikajiandikia ilivyotaka.

"Ulikuja lini, bibi, nisikuone?"

"Ulikuwa dukani."

"Ukapokewa na nani?"

Mimi nyumba ile nilikuwa sijawahi kuiona hata paa. Nikasema niliomba maji ya kunywa, nikapewa.

"Na nani?"

Ulimi wangu, ambao haujawahi kunikosea maishani, ukalala chini. Hapo mkewe akasogea na jagi lake.

"Nilimpa mimi," akasema. "Akanywa, akaniambia yana chumvi. Leo tumechota kwingine, Mama. Karibuni mshuke."

Nikamtazama Muzammil. Alikuwa amefumba macho. Nikajua ni nani hasa aliyesema yale maji yana chumvi.

Abdulkadir alimwangalia mkewe, akaniangalia mimi, akarudi kwa mkewe. Mtu wa duka anaijua mizani iliyoguswa kidole. Lakini pale uani walikuwapo wazee wawili wa ukoo wake, wanasikiliza, na maneno yetu yalikuwa yamekaa vizuri.

"Kumbe una ulimi, bibi," akasema. "Unapewa maji ya watu, unayatia kasoro."

"Yalikuwa na chumvi," nikajibu.

Akanifungulia mlango wa gari kwa mkono wake.

Boriti ya mlango wa nyumba ile iko chini. Mzee Shutu aliigonga kwa paji la uso, Mwanatumu akaigonga kwa ushungi, na mimi kiliniponya kibiongo changu. Abdulkadir akatupa pole, akasema kila mgeni wa mara ya kwanza huigonga. Aliposema hivyo alinitazama mimi. Nikajishughulisha na viatu vyangu.

Tukakaa mkekani. Mzee Shutu akaanza maneno yake, mazuri kweli, kumbe alikuwa akiyapanga. Alipofika kwenye sifa za kijana, Abdulkadir akainua kiganja.

"Yule dereva wenu anaungua jua," akasema. "Mwiteni anywe maji."

Mwanatumu akasema hana haja, amezoea. Abdulkadir akasema aitwe.

Muzammil akaja. Akavua viatu, akatoa shikamoo kwa wazee huku anakaribia, macho yake yako kwetu. Alipofika mlangoni akainama vizuri, bila kuitazama ile boriti, akapita chini yake akainuka ndani.

Nikaanza kukohoa. Pipi ya tangawizi ilikuwa imekwisha.

Abdulkadir alimtazama tangu juu hadi kwenye nyayo, kisha akaisogeza miguu yake, akampa nafasi mkekani karibu naye. Akamgeukia Mzee Shutu.

"Endelea," akasema. "Ulikuwa unatuambia kijana ni wa nyumbani."